Msonge na wageni wa njiani katika Buha

Msonge ni nyumba ya duara yenye paa la nyasi la umbo la pia. Zamani ilikuwa makazi ya kawaida katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, zikiwemo nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, magharibi mwa Tanzania, ambako wenyeji wengi ni Waha. Nchi yao huitwa Buha, na leo imegawanyika hasa kati ya wilaya za Kakonko, Kibondo, Kasulu na Buhigwe.

Msonge haukuwa mahali pa kulala familia tu. Katika nchi isiyokuwa na nyumba za kulala wageni, ndimo msafiri alimopata moto, chakula na usalama wa usiku. Katika karne ya 20 nyumba hiyo ilitoweka karibu kabisa, lakini desturi ya kumpokea msafiri haikutoweka pamoja nayo. Leo mgeni anayefika kijijini kwa pikipiki hulala chini ya paa la bati, ila hupokewa kwa utaratibu unaofanana sana na ule wa zamani. Kwa sababu hiyo Buha inaweza kulinganishwa na Mongolia, ambako nyumba ya duara iitwayo ger imebaki na bado hupokea wasafiri, wakiwemo wa pikipiki.

Nchi na watu

Nyanda za juu za Kigoma ziko kati ya mpaka wa Burundi upande wa magharibi na mabonde ya mito Malagarasi na Moyowosi upande wa mashariki. Mvua hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, kisha hufuata kiangazi. Wakazi hulima mahindi, maharage, muhogo, mtama na ndizi, na ufugaji wa nyuki ni kazi ya tangu zamani, hasa katika misitu ya miombo.

Kabla ya ukoloni Buha haikuwa dola moja. Ilikuwa na falme kadhaa, kila moja ikiwa chini ya mtawala aliyeitwa mwami. Baadhi ya majina ya falme hizo yanatumika hadi leo: jimbo la uchaguzi la Kibondo huitwa Muhambwe, na lile la Kakonko huitwa Buyungu. Heru ilikuwa upande wa Kasulu. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria nchini Tanganyika mwaka 1963.

Wilaya ya Kakonko ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Kibondo. Katika sensa ya mwaka huo ilihesabiwa kuwa na wakazi 167,555. Lugha ya wenyeji ni Kiha, ambayo iko karibu sana na Kirundi, Kinyarwanda na Kihangaza, kiasi kwamba watu wa pande mbili za mpaka huelewana bila mkalimani. Ukaribu huo wa lugha umekuwa na maana kubwa katika historia ya wageni wa Buha.

Muundo wa msonge

Jina msonge linatumika kwa nyumba za aina mbili. Ya kwanza ina ukuta mfupi wa miti na udongo, na juu yake huwekwa paa la pia. Ya pili haina ukuta unaoonekana kwa nje: nyasi huanzia kileleni na kushuka hadi ardhini, hata nyumba ikafanana na mzinga au kikapu kilichofunikwa. Aina hii ya pili ilienea katika nchi za Maziwa Makuu, yaani Rwanda, Burundi, Buha na Buhaya. Wahaya huiita mushonge.

Ujenzi ulianza kwa kuchora duara. Kigingi kilichomekwa katikati, kamba ikafungwa kwake, na mtu akazunguka akiwa ameivuta ili kupata mstari. Miti ilisimamishwa kwenye mstari huo, ikakunjwa au kuegemezwa kuelekea katikati, kisha ikafungwa kwa fito zilizozunguka nyumba nzima. Kamba zilitokana na magome ya miti. Nyasi ziliezekwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikifunika mwanzo wa ile iliyotangulia, ili maji ya mvua yateremke bila kuingia ndani.

Umbo la duara lina faida zinazoweza kupimwa. Kwa urefu uleule wa ukuta, duara hufunika eneo kubwa kuliko mraba, hivyo miti inayohitajika ni michache. Upepo huizunguka nyumba badala ya kuipiga ubavuni. Paa lenye mteremko mkali humwaga maji haraka, na unene wa nyasi huzuia joto la mchana na baridi ya usiku, jambo muhimu katika nyanda za juu.

Moto uliwashwa ndani, na moshi ulitoka polepole kupitia nyasi. Ulikausha paa, ukafukuza wadudu na kuhifadhi mbegu zilizotundikwa juu ya meko. Lakini moshi huohuo uliumiza macho na mapafu, hasa ya wanawake na watoto wadogo. Cheche moja iliweza kuteketeza nyumba nzima. Tena nyasi huoza, kwa hiyo paa lilihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Msonge ulidumu mahali penye vitu vitatu: nyasi nyingi karibu, miti ya kutosha, na majirani walio tayari kusaidiana kazi.

Nyumba haikusimama peke yake. Ilikuwa ndani ya ua wa miti hai, pamoja na ghala la nafaka na mahali pa ng'ombe au mbuzi. Makazi yalitawanyika vilimani, kila familia ikiwa katikati ya mashamba na migomba yake. Msafiri hakufika kwenye kijiji chenye barabara na soko; alifika kwenye ua wa mtu.

Msafiri katika Buha ya zamani

Buha ilikuwa na wageni wa aina mbili, nao hawakupokewa sawasawa.

Wa kwanza walikuwa wa misafara mikubwa. Huyo mgeni alikuja na bunduki, wapagazi na bidhaa, naye alitozwa hongo, yaani ada ya kupita katika nchi ya mtawala. Mfano unaojulikana ni safari ya Henry Morton Stanley, aliyepita kusini mwa Buha mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta David Livingstone. Stanley alilipa hongo ya vitambaa zaidi ya mara moja. Aliposikia kwamba mbele yake kuna watawala wengine wanaosubiri malipo, aliondoka usiku kwa siri akiongozwa kupitia porini. Katika kitabu chake aliwalaumu watawala hao kwa uroho. Kwa upande wao, hata hivyo, hongo ilikuwa haki ya mwenye nchi: msafara wa mamia ya watu hunywa maji, hula chakula na kukata kuni.

Wa pili walikuwa watu wa kawaida: jamaa aliyetoka kilima cha mbali, mchuuzi wa chumvi au majembe, mtu aliyekwenda kuposa au kuzika. Huyu hakulipa hongo. Alisimama nje ya ua, akabisha, akaeleza anatoka wapi na ni wa ukoo gani, kisha akakaribishwa. Alipewa mahali karibu na moto na sehemu ya chakula kilichokuwapo. Yeye alileta habari, na kama angekaa alitarajiwa kushika kazi. Methali mbili za Kiswahili hueleza pande zote za mapatano hayo: "Mgeni njoo, mwenyeji apone" na "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Ukarimu ulikuwa wajibu, lakini ulikuwa na kipimo.

Wakati wa ukoloni uliongezeka mwendo wa aina nyingine. Kasulu na Kibondo zilikuwa kati ya sehemu zilizotoa vibarua wengi kwa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Vibarua hao waliitwa manamba. Walitembea kwa miguu siku nyingi hadi kwenye reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na walirudi vilevile baada ya mkataba kwisha.

Kutoweka kwa misonge

Mara nyingi husemwa kwamba misonge iliondolewa na maendeleo, yaani na bati na saruji. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Katika Buha watu walihamishwa na serikali mara mbili katika muda wa miaka 40, na kila mara waliacha nyumba, migomba na majirani.

Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa utawala wa Kiingereza. Kuanzia mwaka 1933 watu wa sehemu zilizokumbwa na malale walikusanywa katika makazi maalumu ili waishi mbali na mapori ya mbung'o. Ardhi waliyoiacha ilirudi kuwa pori, na sehemu kubwa ya mashariki ya Buha ikabaki bila watu.

Mara ya pili ilikuwa baada ya uhuru. Mwaka 1972 ilifanyika Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za kwanza za kuwakusanya wananchi katika vijiji, kabla ya agizo la mwaka 1973 lililotaka wananchi wote wa vijijini nchini waishi vijijini. Familia zilizokaa vilimani zilipangwa kwa mistari kando ya barabara. Serikali ilitaka kuwafikishia shule, zahanati na maji, na shule nyingi za vijiji vya Buha zina asili yake katika kipindi hicho. Lakini mpango wa kijiji ulikuwa wa viwanja vya mstatili, na nyumba iliyokubalika kuwa ya kisasa ilikuwa ya pembe nne. Msonge ulianza kuonekana kama dalili ya kubaki nyuma.

Sababu nyingine zilifuata. Watu wakiwa wamesongamana mahali pamoja, nyasi ndefu za kuezekea huisha upesi na miti ya kujengea hupatikana mbali. Nyumba za nyasi zikiwa zimekaribiana, moto wa nyumba moja huwa hatari kwa mtaa mzima. Matofali ya udongo yaliyochomwa hutengenezwa palepale kijijini. Bati ni ghali, lakini halihitaji kuezekwa upya kila mara, na hukinga maji ya mvua yanayoweza kutekwa. Kijana aliyeuza maharage au asali akanunua bati hakuwa anadharau mababu. Alikuwa anapunguza kazi.

Kilichopotea ni ujuzi. Kuezeka paa la pia lisilovuja hujifunzwa kwa kufanya kazi pamoja na wazee, si kwa kuelezwa. Kizazi kisichojenga misonge hakiwezi kukifundisha kinachofuata. Kwa sasa nyumba za asili za makabila mbalimbali zinaweza kuonekana katika Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, na nchini Rwanda jumba la duara la mfalme limejengwa upya huko Nyanza. Hizo ni za kutazamwa. Hakuna anayelala ndani yake.

Wageni waliokimbia vita

Desturi ya kupokea wageni ilipata mtihani mkubwa kuliko utalii wowote. Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walivuka mpaka wakikimbia mauaji. Mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa rais Melchior Ndadaye wa Burundi, walikuja wengine wengi zaidi katika Kibondo, Kasulu na Ngara. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu kwa ajili ya watu waliotoka Kongo. Kuanzia mwaka 2015 Warundi walikimbia tena, na kambi ya Nduta katika Kibondo ikafunguliwa upya, ikafuatwa na ya Mtendeli katika Kakonko mwanzoni mwa 2016. Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa 2021.

Kabla ya kambi kuwa tayari, wakimbizi wengi hufika kwanza kwenye nyumba za watu wa mpakani. Hapo lugha moja huwa na thamani kuliko karatasi: mwenye kuongea Kirundi anaeleweka na Mha, na mara nyingine wana koo zenye majina yaleyale.

Lakini idadi kubwa ilibadilisha mambo. Misitu ilikatwa kwa kuni na ujenzi, na bei za vyakula zilipanda na kushuka. Silaha zilivuka mpaka, na ujambazi njiani ukawafanya polisi wenye bunduki wasindikize mabasi katika barabara ya Kibondo na Nyakanazi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilitaka wakimbizi wakae katika maeneo yaliyotengwa na wapate kibali kabla ya kutoka. Tangu hapo mwenyeji wa Buha anapomwona mgeni asiyemjua mlangoni, huwa na maswali mawili badala ya moja: anahitaji nini, na je, ninaruhusiwa kumpa?

Pikipiki

Kwa muda mrefu chombo cha kawaida cha vijijini katika Buha kilikuwa baiskeli, iliyobeba ndizi, mkaa, wagonjwa na abiria. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoenea nchini katika miaka ya 2000, kazi hiyo ilihamia kwao. Jina bodaboda lenyewe lilianza kwa baiskeli zilizobeba watu mpakani mwa Kenya na Uganda huko Busia. Tanzania ilitunga kanuni za leseni za pikipiki za abiria mwaka 2010. Tangu mwaka 2019 usimamizi uko chini ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu.

Pikipiki ilifaa Buha kwa sababu ya njia zake. Barabara kuu kutoka njiapanda ya Nyakanazi kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu ilikuwa ya udongo kwa miongo mingi: vumbi jekundu wakati wa kiangazi, utelezi wakati wa masika. Ujenzi wa lami umefanyika kwa vipande, kikiwemo kile cha kilomita 50 kati ya Nyakanazi na Kabingo. Kutoka barabara kuu kwenda vijijini kuna vijia ambavyo gari haliwezi kupita lakini pikipiki hupita.

Wasafiri wa pikipiki wanaoonekana katika nyanda hizi ni wa namna tatu. Wengi kabisa ni wenyeji: dereva wa bodaboda, mchuuzi wa nguo za mitumba anayefuata siku za minada, mnunuzi wa asali na maharage, muuguzi wa chanjo, mwalimu anayekwenda kuchukua mshahara. Wa pili ni wafanyakazi wa miradi na mashirika. Wa tatu, walio wachache, ni watalii wa mbali wanaovuka bara kwa pikipiki kubwa.

Safari za aina hii ya tatu si mpya barani Afrika. Theresa Wallach na Florence Blenkiron waliondoka London Desemba 1934 wakiwa na pikipiki yenye kigari cha pembeni, wakavuka Sahara na kufika Cape Town mwaka 1935. Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walisafiri kutoka Uskoti hadi Cape Town wakipitia Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Wengi wa wasafiri hao hupita mashariki mwa Tanzania, na watalii wa hifadhi za Gombe na Mahale hufika Kigoma mjini kwa ndege au treni. Hivyo Kakonko na Kibondo huwapata wale walioingia kutoka Rwanda kupitia Rusumo au kutoka Burundi kupitia Kabanga na Manyovu.

Kulala kwa wenyeji

Katika makao makuu ya wilaya zote kuna nyumba za kulala wageni, maarufu kama gesti. Vijijini mara nyingi hakuna. Msafiri aliyepata pancha, aliyekatikiwa cheni au aliyezuiwa na mvua hulala nyumbani kwa mtu, na mambo huenda kwa hatua zinazojulikana.

Kwanza ni salamu. Katika Buha salamu haifanywi kwa haraka wala juu ya pikipiki. Mgeni huzima injini, huvua helmeti ili uso wake uonekane, huteremka na kuwasalimu wakubwa kwanza kwa shikamoo. Kumuuliza mtu njia au petroli ya chupa kabla ya salamu huhesabiwa kuwa kukosa adabu.

Pili ni taarifa. Mwenye nyumba humpeleka mgeni kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa ofisa mtendaji wa kijiji, naye huandika jina lake katika kitabu cha wageni. Mgeni kutoka nje ya nchi huonyesha pasipoti. Karibu na mpaka na kambi hatua hii haiachwi, kwa kuwa humlinda mwenyeji kuliko mgeni: aliyeficha mtu asiyejulikana anaweza kuulizwa na serikali. Kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na kupiga picha huko bila ruhusa ni kosa.

Tatu ni pikipiki yenyewe. Usiku haiachwi nje. Huingizwa sebuleni, kama wenyeji wanavyofanya kwa pikipiki zao, au hufungwa uani karibu na dirisha la mwenye nyumba. Mlango wa msonge, uliokuwa mfupi kiasi cha kumfanya mtu ainame, usingeweza kuipitisha. Hapo nyumba ya pembe nne imefaa kuliko ya zamani.

Nne ni chakula na shukrani. Mgeni hupewa kilichopo: ugali wa muhogo au mahindi, maharage, ndizi, pengine dagaa wa Ziwa Tanganyika. Kutaja bei mlangoni huweza kumfedhehesha mwenyeji, lakini kuondoka bila kutoa kitu ni kumdhulumu. Njia ya kawaida ni kumpa mama wa nyumba sukari, sabuni, chumvi au fedha wakati wa kuaga, bila kutangaza. Kumpa yeye kuna sababu, kwani ndiye anayechota maji ya kuoga, anayetafuta kuni na mara nyingine anayewahamisha watoto ili mgeni apate kitanda. Fedha zikipewa mwanamume aliyempokea mgeni barabarani, aliyefanya kazi anaweza asizione.

Suala la malipo limepata jibu la pamoja katika sehemu nyingine za Tanzania. Programu ya utalii wa kitamaduni ilianza mwaka 1995 kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV katika vijiji vya kaskazini kama Ng'iresi na Longido. Huko mgeni hulipa ada inayojulikana, sehemu yake huenda kwa familia na waongozaji, na sehemu hutengwa kwa mahitaji ya kijiji. Mpango wa namna hiyo hufaa panapokuwa na wageni wengi wa kutosha. Panapopita wachache, kama katika nyanda za juu za Kigoma, mapatano hubaki kati ya mgeni na nyumba moja.

Ulinganisho na ger ya Mongolia

Ger ni nyumba ya duara ya wafugaji wa Mongolia. Ukuta wake ni wavu wa fito unaokunjwa na kukunjuliwa, uitwao khana. Juu huwekwa miti ya paa inayoshika pete ya kileleni, iitwayo toono, ambamo hupita mwanga na bomba la jiko. Nje hufunikwa kwa magodoro ya sufu ya kondoo iliyoshindiliwa. Mlango huelekea kusini. Ger hubomolewa na kusimamishwa tena kwa muda wa saa chache, kwa sababu wafugaji huhama na mifugo.

Mgeni anayekaribia huita ili mbwa washikwe, huingia bila kukanyaga kizingiti, na hupewa chai ya maziwa yenye chumvi. Upande wa kaskazini, mkabala na mlango, ni mahali pa heshima. Katika nyika ambamo usiku wa baridi unaweza kumuua mtu, kumpokea msafiri ni sharti la uhai, kwa maana mwenyeji wa leo ni msafiri wa kesho. Wafugaji wenyewe hutumia pikipiki kuchunga mifugo, kwa hiyo mgeni wa pikipiki si kioja kwao. Mwaka 2004, katika safari yao ya kutoka London hadi New York, McGregor na Boorman walivuka Mongolia na kupokewa na wenyeji wanaoishi katika ger.

Mwaka 2013 UNESCO iliingiza ufundi wa kutengeneza ger na desturi zake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hata hivyo si orodha hiyo iliyoihifadhi. Ger imebaki kwa sababu bado inafanya kazi: hubebeka, hustahimili baridi, na sufu ya kuifunika hutoka kwenye mifugo. Hata pembezoni mwa mji mkuu Ulaanbaatar maelfu ya familia hukaa ndani yake.

Msonge haukuwa na bahati hiyo. Haubebeki, watu wa Buha walipohamishwa, uliachwa. Malighafi yake ni nyasi na miti ya jirani, na jirani hiyo ilibadilika. Lakini katika jambo moja nchi hizi mbili zinafanana: pote wawili mgeni hupokewa na kaya, wala si na jengo, na kaya hiyo hutarajia apokewe mtu wake atakaposafiri.

Hali ya sasa

Katika hoteli na kambi za watalii sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki hujengwa vibanda vya duara vyenye paa la nyasi, vikiwa na kuta za saruji na bafu ndani. Vimehifadhi sura ya msonge bila maisha yake. Jengo la duara lililoezekwa kwa nyasi linaweza kudumu likiwa na watu wanaowajibika kwalo: makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, yaliyoungua Machi 2010, yaliezekwa upya kwa sababu walikuwapo waezekaji wa ukoo wenye jukumu hilo na wananchi walioyathamini.

Kwa Buha, kinachoweza kuokolewa upesi ni maarifa: majina ya Kiha ya sehemu za nyumba, aina za nyasi na miti iliyotumika, namna ya kufunga fito, na taratibu za kumpokea mgeni. Wazee waliozaliwa katika misonge kabla ya 1972 wana umri wa zaidi ya miaka 50, na wale walioshiriki kuijenga wakiwa watu wazima ni wakongwe. Wanafunzi wa shule za Kakonko, Kibondo na Kasulu wanaweza kuwauliza na kuandika majibu yao kwa Kiha na kwa Kiswahili, kwa kuwa kila msimu unaopita hupunguza idadi ya wanaoweza kujibu.